Chokaa ya kisima kimoja, mbona haifanani?

Assalaam alaykum. Nasoma jiolojia Muscat. Nina vipande viwili vya mwamba wa chokaa, vimepishana mita mbili tu kisimani. Kimoja kinafyonza tone la maji papo hapo; kingine, tone linakaa juu. Kwa nini?

— Wa alaykum salaam, mwanangu. Chokaa ni magamba ya viumbe vya bahari; maji yakaiyeyusha huku, yakaiziba kule. Nimekulia Makunduchi, tukichimba kisima kwenye matumbawe ilikuwa hivyohivyo: hapa matundu, hapo gumu kabisa.

— Usisahau nyufa. Fahud, eneo la mafuta hapo Oman lililogunduliwa 1964, mafuta yamejificha kwenye vitundu vidogo, ila njia ni nyufa. Ukisukuma maji ndani ili yatoe mafuta, maji yanakimbilia nyufa, mafuta yanabaki. Ndiyo maana huko wakategemea gesi ijaze nyufa kutoka juu, mafuta yashuke kwa uzito wake.

— Ahsanteni, wajomba. Kesho narudi kutazama nyufa.