Tai wa Marekani na furukombe wa Mwanza ni ndege mmoja? Nina dau na shemeji

Kaka wa Luchelele
Wadau, mwangaluka. Nisaidieni kabla sijaaibika ukweni. Shemeji yangu yuko Minnesota, Marekani, mwaka wa sita sasa. Jumapili katuma picha kwenye kundi la familia: ndege kichwa cheupe pee, katua juu ya mti kando ya ziwa, chini kaandika "hata huku furukombe wa Mwanza wapo". Nikamwambia huyo siye. Akanijibu macho yangu yamezoea dagaa tu. Basi tukawekeana dau: atakayeshindwa anampelekea mama sato wa kilo 2.

Furukombe mimi namwona kila siku. Wapo wawili kwenye jiwe nyuma ya kwetu, wanaanza kelele alfajiri kabla hata wavuvi wa karabai hawajarudi mwaloni. Lakini nilipoambiwa nitaje tofauti nikakwama. Kichwa cheupe, mkia mweupe, mdomo wa ndoana, samaki wote wanakula. Nishike wapi?

Nahodha Mstaafu
Kichwa achana nacho, teremka kifuani. Yule wa Marekani weupe wake unakomea shingoni. Kuanzia hapo mpaka miguuni ni kahawia iliyoiva. Wa kwetu weupe unashuka hadi kifuani na kugeukia mgongoni, kama mtu kajitanda kanga. Tumbo na mapaja ni rangi ya kutu, mabawa meusi.

Halafu kuza picha uone uso. Mmarekani mdomo wote ni wa njano, na jicho lake nalo njano ya kufifia, ndiyo maana kila picha anaonekana kama anakudai. Furukombe ncha ya mdomo ni nyeusi, njano iko kwenye ngozi ya uso, na jicho ni la giza. Mimi nimeendesha boti miaka mingi, wageni wakibisha nawaonyesha jicho, tunamalizana.

Na wa kwao ni mkubwa zaidi. Jike lao linafika kilo 6. Letu likizidi sana ni kilo 3 na nusu hivi.

Mwalimu wa Nansio
Nahodha kamaliza mambo ya macho, mimi naongeza la masikio. Yule tai wa Marekani, pamoja na ukubwa wote ule, sauti yake ni nyembamba, vimlio vya kukatikakatika. Kwenye filamu mara nyingi wanampachika sauti ya kipanga mwingine wa hukohuko, mwenye mkia mwekundu. Furukombe hahitaji kuazima. Anatupa kichwa nyuma mpaka kisogo kinakaribia mgongo, ndipo anaachia. Hata jina lake la kisayansi lina neno *vocifer*, mpiga kelele.

Zambia wamemweka kwenye bendera. Marekani wa kwao yumo kwenye muhuri wa taifa tangu 1782, ila sheria ya kumtambua rasmi kuwa ndege wa taifa imekuja Desemba 2024 tu. Walijisahau kidogo hapo.

Ila Kaka, shemeji usimtukane sana. Hao ndege ni ndugu kabisa, tai wa majini wote.

Mama Dagaa Kirumba
Naomba kuuliza, furukombe ndiye aliyetukombea samaki wetu furu? 😂

Mwalimu wa Nansio
Aliyewakomba furu ni sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Ndege wa watu msimsingizie.

Kaka wa Luchelele
Nimekuza picha. Jicho la njano, mdomo wote njano, kifua kahawia. Shemeji kanyamaza nusu saa, halafu kasema "kama ni ndugu basi ni sare". Sikubali.

Sasa lingine. Pale jiweni kuna wa tatu, kahawia ana mistarimistari kifuani, mchafumchafu hivi. Siku zote nilijua ni mwewe kaja kudoea.

Nahodha Mstaafu
Mkia ukoje? Mwewe mkia wake una pengo katikati na anauzungushazungusha angani kama usukani. Ukiwa mfupi, umeishia mviringo, huyo ni mtoto wa hao wawili. Weupe anauvaa polepole, miaka 4 au 5. Na wa Marekani vivyo hivyo, mdogo wao ni kahawia tupu.

Kaka wa Luchelele
Mfupi! Na leo asubuhi kanichekesha. Kamkamata samaki kamzidi uzito, kushindwa kuruka, akakaa juu ya maji anapiga kasia kwa mabawa mpaka kwenye mafunjo. Mimi nikadhani anazama, nikaanza kusukuma mtumbwi. Nimefika, kashapandisha samaki kwenye magugu, ananitazama kwa jicho jeusi.

Nimerekodi yote. Shemeji nimemtumia, nikamwambia sato sasa ni wa kilo 2 na nusu.