MREJESHO: Chumba cha kupanga Kawempe, Kampala, chenye ukuta uliopasuka na nyaya zinazotoa cheche

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza hapa nifanyeje na chumba changu: ukuta una ufa, swichi inatoa cheche, choo cha pamoja kimejaa. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyesema nimuulize mwenye nyumba kibali cha kukalia jengo, nilimuuliza. Hana. Ila swali hilo lilimfanya anisikilize kwa mara ya kwanza.

Kilichosaidia hasa ni barua kwa mwenye nyumba. Niliandika kila kasoro na tarehe yake, nikabandika picha, nikataja Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, kwamba haruhusiwi kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na watu. Nakala nikampa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa wetu), naye akatukutanisha pale pale uani. Wiki hiyo fundi umeme akaja akabadilisha nyaya zote, na choo kikanyonywa. Sasa watoto wanawasha taa bila mimi kushika roho.

Ushauri wa kuzuia kodi sikuufuata, niliogopa kumpa mwenye nyumba sababu ya kunipeleka mahakamani. Alipotishia kunitoa, mwenyekiti alimwambia wazi kwamba bila amri ya mahakama hawezi.

Ufa, hapana. Wameupaka saruji juu juu, na mvua ya Jumapili imeufungua tena. Nimeshaandika barua ya pili, na kitanda cha watoto nimekihamishia upande wa pili.