Mjadala: Wanafunzi wa Lubumbashi waandikie programu kwenye kivinjari au kwenye mashini zao?

Mleta mada: Chuo kimoja hapa mjini kinataka miradi mikubwa yote ifanyiwe kwenye kivinjari, msimbo na vifaa vikae kwenye seva ya kampuni ya ng'ambo. Napinga. Anayetunza mfumo mkubwa kila siku anauliza: mstari huu alibadili nani, lini, kwa nini? Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inajibu hata bila mtandao, maana kila nakala kwenye laptopu ina historia nzima. Na mkumbuke ilivyozaliwa. Waandishi wa mfumo endeshi wa Linux walikuwa wanatumia BitKeeper, chombo cha kampuni cha kazi hiyohiyo, bure. Mwaka 2005 kampuni ikafuta ruhusa hiyo, ndipo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanza kuunda Git. Leo tunarudi kuazima?

Mwanafunzi, Katuba: Yaya, kwa heshima, laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Android Studio, programu ya kuundia app za simu, inadai angalau 8. Nikifungua mradi, hata mausi inaganda. Kule kwenye seva kikundi chote tuna matoleo yaleyale ya vifaa, hakuna tena wa kusema "mbona kwangu inafanya kazi".

Mama wa Kampemba: Nyie mnabishania chumba. Mimi kazini nimerithi mfumo wa stoo, aliyeuandika aliondoka, majaribio ya kuhakiki msimbo hakuachia hata moja. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, imeandikwa 0.16 kwenye mafaili kibao. Ukisahau moja, risiti inatoka sawa, ripoti ya mwezi inadanganya. Kihariri kizuri cha msimbo kitakuonyesha kila mahali jina linapotumika, lakini namba tupu hakijui kama ni kodi au uzito wa misumari. Wafundisheni kwanza kuipa namba jina.

Mleta mada: Mama, hilo silipingi, ila kupekua mafaili hayo bila chombo ni adhabu. Mdogo wangu, si kila kazi inataka Android Studio. Tangu 2016 kuna itifaki ya Microsoft, LSP, inayokiwezesha hata kihariri chepesi kama Vim kuuliza programu ya pembeni: kitu hiki kimeandikwa wapi, kinatumiwa na nani? Programu hiyo nayo inakula RAM, sikatai. Basi chuo kinunue seva yake, maelezo ya vifaa na matoleo yanayotakiwa yawe faili ndani ya mradi. Mwenye mashini yenye nguvu aunde programu yake nyumbani, wengine waingie kwa waya palepale chuoni.

Mwanafunzi, Katuba: Sawa, yaya. Umeme ukikatika, mafuta ya jenereta ya hiyo seva yatakuwa kwenye minerval yetu, ada ya chuo?