Mwalimu mchana, mlinzi usiku: upolisi wa kujitolea tuutake au tuuache?

Mwalimu, Wete

Assalaam alaykum. Nina jambo nataka tulizungumze kama tuko barazani, bila ya kutiana vidole vya macho.

Mie nafundisha skuli huku Wete, Pemba. Siku mbili kwa wiki, tukishasali Isha, navua kanzu, navaa viatu vya matope na kwenda lindo na vijana wa polisi jamii wa shehia yetu. Zana zetu ni tochi, fimbo za mpera na filimbi moja ya watu sita. Malipo ni thawabu. Msimu wa karafuu ndio kazi, kwani mwizi wa karafuu zilizoanikwa hana haja ya kupanda mti. Anakunja jamvi, anamimina kwenye polo, yaani gunia, kwisha.

Msimu uliopita tulimkuta kijana saa nane za usiku na polo nusu. Nikatia mkono ndani: juu karafuu mbichi, chini kavu zinazovunjika kwa kidole. Mwenye karafuu zake hachanganyi hivyo hata akiwa na wazimu, maana mbichi itaiozesha kavu. Nikamwambia tutakwenda kituoni. Akanitazama akaniuliza, "Wewe nani hata unipekue?"

Sikuwa na jibu. Sina kitambulisho, sijaapishwa, sijafundishwa hata namna ya kumshika mtu asiumie. Tulimfikisha kituoni, tukakaa benchini hadi alfajiri kuandika maelezo, na saa moja na nusu niko darasa la tano na chaki mkononi. Mdogo wake amekaa dawati la mbele.

Sasa nina mtoto wa ami yangu Uingereza. Mchana anafanya kazi ghalani, mwishoni mwa wiki ni polisi. Si mgambo wala mlinzi wa mtaa, ni polisi wa kujitolea aliyekula kiapo, na mamlaka yake ya kukamata ni sawa na ya mwenye mshahara. Wenzetu wana sheria ya watu hawa tangu 1831. Hawalipwi, ila hurudishiwa nauli na gharama zao. Wanapewa mafunzo kwanza, na vikosi vingi vinawataka watoe angalau saa 16 kwa mwezi. Begani ana namba. Ukigombana naye, unaichukua ile namba unakwenda kumshitaki.

Msimamo wangu ni huu: tupeni kiapo, mafunzo na namba, au mtuambie tusimguse mtu, tubakie macho na filimbi. Hapa kati tulipo ni hatari kwetu na kwa tunaowakamata. Haya, semeni.

Dereva wa daladala, Chake

Maalim, nakuheshimu, lakini hapo umenitia khofu. Mtu akishapewa magwanda bila ya mshahara, mshahara atautafuta mwenyewe, tena barabarani, tena kwangu mimi. Fimbo ya mpera naiogopa kidogo. Fimbo yenye muhuri wa serikali itanimaliza.

Mhudumu wa hoteli, Nungwi

Mie sipingi, ila nani atanipa ruhusa? Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nikichelewa mara mbili kwa sababu nilikuwa doria, bosi hanipi medali, anampa kazi mwengine. Huko Uingereza nimesikia wapo waajiri wanaowapa wafanyakazi wao siku zenye malipo kwa kazi hiyo. Hapa kwetu hata ya maziko unaiomba kwa kubembeleza.

Halafu la pili. Mwenzetu alikatwa panga la mkono kwenye lindo. Matibabu yake tulimchangia msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Watu walitoa, Mungu awalipe, lakini mkono haujarudi kama ulivyokuwa, na yeye ni fundi seremala.

Mzee wa Micheweni

Nyinyi vijana mnazungumza namba na nauli. Mimi nauliza: nani atawachagua hao wa kujitolea? Mkisema sheha, sheha mwenyewe hakuchaguliwa na mtu, ameteuliwa. Na sisi huku hatujasahau 2015 na 2016, watu wenye nyuso zilizofunikwa ambao mji mzima uliwaita mazombi. Hakuna aliyejua ni wa nani. Leo mnataka kumpa jirani nguvu ya kunikamata, na kila miaka mitano tuna uchaguzi!

Tena polisi ni jambo la Muungano. Baraza la Wawakilishi haliwezi kukaa Chukwani likajitungia polisi wake wa jioni. Na vikosi vyetu wenyewe tunavyo: KMKM ya kuzuia magendo, JKU ya kujenga uchumi, Valantia. Hebu wafikirieni hao Valantia. Jina lenyewe maana yake wenye kujitolea, na leo ni kikosi cha ajira na mshahara kama vyengine. Sisi Zanzibar nzima ni watu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022. Mtu mmoja atalindwa na wangapi?

Nesi, Michenzani

Mzee wangu shikamoo. Hayo ya siasa siyabishii, lakini kuna ugonjwa ambao hamna hata mmoja aliyeugusa, nao ni muhali, ile haya ya kumkatalia au kumshitaki mtu kwa kuwa ni wako.

Naletewa mtoto wa miaka tisa ameharibiwa. Mama analia, anasema aliyefanya ni shemegi. Wiki ya pili mama huyo huyo hapatikani, simu haishiki, yameshamalizwa kifamilia. Sasa Maalim, wewe ni jirani, umesoma na huyo shemegi, mnasali safu moja. Utamfunga pingu? Usinijibu haraka.

Mimi naunga mkono polisi wa kujitolea, tena wanawake zaidi, kwa sababu wapo kina mama ambao kwa askari wa kiume mdomo haufunguki. Lakini kwa sharti moja: asifanye kazi shehia anayoishi. Wa Wete aende Konde, wa Konde ashuke Chake. Mlinzi asiyekujua ndugu zako ndiye atakayeandika jina lako kama lilivyo.

Dereva wa daladala, Chake

Nesi na nauli ya kwenda Konde atatoa nani? Msinitazame mimi 😂

Mwalimu, Wete

Nimewasoma wote. Dereva, mwenye namba begani akikuomba hela una pa kwenda kumsema. Mimi na fimbo yangu nikikuomba utanishitaki kwa nani? Khofu yako inanipa nguvu mimi. Na wenzetu waliona watu hawa nao wanahitaji kutetewa: tangu 2022 sheria yao imewafungulia mlango wajiunge na chama kile kile cha askari wa mshahara. Ningekuwa na chama, yule fundi seremala asingechangiwa msikitini.

Mzee, la nani anachagua sina jibu lake zuri. Nilidhani litatatuliwa na mafunzo, kumbe anayechagua wa kufundishwa ndiye mwenye kauli.

Nesi umenipiga pahala pabaya, naomba niseme lote. Yule kijana wa polo baba yake alikuja nyumbani jioni yake, na mkungu wa ndizi. Hakutukana, hakutisha. Alikaa ukumbini, akakohoa, akasema, "Maalim, huyu si mtoto wako?" Kesi ilipoitwa sikwenda kutoa ushahidi. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, na mitihani kweli ilikuwapo.

Kwa hivyo sharti lako nalikubali, hata bila ya kiapo na namba. Ijumaa nitamwambia sheha tubadilishane lindo na shehia ya pili, sisi kwao, wao kwetu. Leo zamu yangu bado ni hapa hapa. Aliyebaki na filimbi tangu juzi airejeshe kabla ya Isha.