Mudogo wangu anataka kuingia pompie, bazee ba iyi kazi mutuambie ukweli

yaya_wa_Cimpunda

Jambo bandugu. Niko Bukavu, Kadutu, kule Cimpunda, niko na swali yenye inanikaa kwa roho tangu mwezi jana. Mudogo wangu ako na myaka 22, alipata diplome ya leta, alitafuta kazi mupaka viatu vikaisha, sasa ameniambia anataka kuingia mu bapompie, bale benye banazimaka moto. Mama alilia. Mimi sikulia lakini sikulala.

Niseme kwanza kitu moja yenye inanisumbua. Mwaka ulipita moto ilitokea kwetu, saa tatu ya usiku, bujie iliangukia matela mu nyumba ya tatu kutoka kwetu, na munajua vile nyumba zetu za mbao zimeshikana, ukuta ya jirani njo ukuta yako. Tulikimbia na mandoo na mabido, tukatupa muchanga, vijana bakapanda kungoa manjanja ili moto isiruke. Kamio ya zima-moto ilifika nyuma ya karibu saa nzima, ikasimama kule chini kwa balabala kubwa juu haiwezi kupanda kwetu, bapompie bakakokota tuyo, ule mupira ya maji, kwa ngazi, bakamwanga maji, nyuma ya dakika kidogo maji ikaisha. Batu bakakasirika bakaanza kutupa majiwe, na mimi nilitupa. Jiwe yangu ilipiga pompie mumoja muzee kwa bega. Hakunirudishia hata neno. Aliinama, akaokota tuyo, akaendelea kuikunja.

Asubuhi nilimukuta angali pale peke yake, anachokora makala na mupini ya jembe, anatafuta kama kuna yenye ingali inawaka chini, mikono inatetemeka. Ile sura haijanitoka.

Sasa naomba benye balifanya iyi kazi myaka mingi, ao benye papa yao ni pompie: hatari yake ni gani kweli? Maji inaishaka haraka vile juu ya nini? Na nini inabakishaka mutu pale, juu salere yao tunajua vile iko? Mudogo wangu nimujibu nini?

---

kijana_wa_Birere

Yaya mi niko Goma. Ile kazi niliiona na macho tarehe 15 mwezi wa nne 2008, ndege DC-9 ilishindwa kupaa ikapita mwisho wa piste ikaingia Birere mu maduka na mu manyumba ya batu. Nilikuwa mwanafunzi. Tulikuwa tunakimbia ule moshi na mbele yetu kuna batu banaufwata. Sikuwahi kusahau ile, batu bawili balipishana na mimi, mumoja akanisukuma pembeni na mukono bila kuniangalia.

Nyuma yake nilipendezwa kujua, nikauliza uliza. Mafuta ikiwaka haizimwe na maji tupu, maji inazama chini, mafuta inaelea juu inaendelea kuwaka na inatembea na ile maji inafika kwa jirani. Inatakaka povu yenye inafunika kama blanketi. Sasa fikiria kule kwenye hamuna povu na station za esanse ziko katikati ya manyumba.

Na volkano usiniulize. 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ilipita katikati ya muji, 22 mwezi wa tano 2021 ikakuya tena, hakuna pompie wa dunia hii mwenye anazima lava, kazi inabakia kutoa batu. Ile ya 2002, siku ine nyuma yake station ya esanse ikapasuka mu muji, batu balikuwa pale banachota mafuta na chini kungali moto. Bengi sana bakafwa. Kwa hiyo mudogo wako ajue: kuna siku atafika na hakuna cha kuzima, atasema tu "tokeni, tokeni" mupaka sauti iishe.

---

muzee_wa_lansi

Mutoto wangu, nimesoma yako mara mbili. Ule muzee si mimi, nilipumuzishwa kazi kitambo, nilifanya myaka 27. Lakini na mimi niko na jiwe yangu kwa mugongo, ilipita, usibebe ile sana.

Nianze na maji juu njo swali yenye inatuumizaka. Kamio ya kawaida inabeba litre 3.000, 4.000. Tuyo ya milimita 45, ukifungua lansi (ile mudomo ya tuyo) muzuri, inaweza kula litre 500 kwa dakika moja. Piga hesabu ya litre 4.000: dakika 8 imeisha. Ukitosha tuyo mbili, dakika 4. Nyuma yake lazima kamio irudi kuchota, kama hakuna fasi ya maji karibu inashuka mupaka ku ziwa, inasongana na bamoteri na bamama benye banauzisha kando ya balabala, inapanda tena. Batu banatuambiaka "ziwa iko pale, munashindwaje?" Ziwa tunaiona sote. Lakini kila metre 10 ya kupanda inakuibia bar moja ya nguvu ya pompe. Pompe ya kamio inafanya bar 10, ikivutwa sana 15. Kwenu Cimpunda ukipandisha tuyo metre 80 juu ya balabala, bar 8 imekwisha kuenda mbele hata tone moja itoke. Njo maana uliona maji inatoka kama mukojo wa mutoto. Haikuwa uvivu.

Hatari sasa. Batu banazani moto njo inauaka. Moshi njo inaua, na mu ile moshi kuna hewa moja haina harufu haina rangi, inakulalisha muzuri kabisa, mutu anakaa chini apumuzike kidogo, basi. Matela ya musi ni mbaya kuliko yote, inawaka kama imemwangiwa esanse na moshi yake ni sumu. Mbele ya kufungua mulango unaigusa na mugongo wa mukono, si na kiganja, kiganja ikiungua utashika nini tena? Ukiona moshi inaingia na kutoka chini ya mulango kama mutu anapumua, usifungue, moto ya ndani imekosa hewa na inakungoja wewe uilete. Na maji yenyewe inaweza kukuua: litre moja ikigeuka mvuke inajaza fasi ya litre 1.700, ukimwanga bila akili mu chumba yenye imefungwa, ile mvuke inakurudilia, inaingia mu koti kwa shingo, inakupika. Angalia masikio ya bapompie bazee, utaona ncha zimekunjamana. Zangu pia.

Manjanja ikianza kulia, ile sauti ya misumari inatoka mu mbao, unatoka, hata kama bado hatua mbili umalize. Butey ya gazi ikipiga filimbi unatoka. Waya ya umeme chini, haugusi na haumwangi maji mupaka bakuambie wamekata. Iyi yote mudogo wako atafundishwa kwa siku, kuiamini atachukua myaka.

Kuna hatari ingine yenye sisi hatukuijua. Mu 2022 bale bataalamu ba kansa ba OMS, shirika ya afya ya dunia, balitangaza kwamba kazi ya pompie yenyewe inaletaka kansa, wakaiweka mu kundi moja na tumbaku. Ile masizi inaingia kwa ngozi. Na sisi, koti nyeusi ilikuwa heshima! Tulirudi nayo nyumbani, batoto banatukumbatia kwa muguu, bibi anaifua mu basani moja na nguo zao. Nikifikiria ile roho inaniuma kweli. Mwambie mudogo wako asirudi na koti nyumbani hata siku moja, aisukule kule kule kazini, anawe shingo na mikono mbele ya kugusa mutu.

Sasa kwa nini tulibakia.

Ekipe yetu tulikuwa batu saba, na maske ya hewa mbili tu. Butey ya hewa ikijaa ni bar 300, banasema dakika 30, lakini mutu mwenye anafanya kazi na anaogopa inamufikisha 20. Ikibakia karibu bar 50 inapiga filimbi, unajua njia ya kutoka iko na hewa ya kukutosha ao haiko. Usiku moja tuliingia bawili mu depo ya matela karibu na soko. Mwenzangu, simutaji jina juu batoto bake bako, alikuwa mwembamba anapumua polepole, mimi munene. Filimbi yangu ikalia ya kwanza. Nikageuka kutafuta tuyo, juu tuyo njo balabala ya kurudi, hatuiachake, na mimi nilikuwa nimeiacha. Nilitambaa nikashika matela, nikashika ukuta, matela tena. Sikuona hata mukono wangu. Filimbi inapiga inapiga kisha ikaanza kupungua. Akanishika kwa kamba ya butey nyuma, akachukua mukono wangu akauweka juu ya tuyo, akaukandamiza pale mara mbili kama mutu anapiga kashe kwa barua. Kisha akanifwata nyuma. Nje wa tatu wetu alikuwa amelala kwa tumbo kwa mulango, hana maske, anavuta tuyo polepole na anahesabu kwa sauti ili tusikie ni wapi. Nilitoka kwa namba 64. Mupaka leo nikisikia mutu anahesabu franga na akapita 60 moyo inabadilika.

Asubuhi tulikula bugali na sambaza mu sahani moja, hakuna mwenye alisema kitu. Ilikuwa desturi yetu, nyuma ya moto hakuna kurudi nyumbani direkti, unakula kwanza na benzako, juu ukirudi na ile bado mu macho bibi yako atalala nayo.

Ule mwenzangu alikufwa kitambo, si mu moto, kifua. Prime yenye tuliahidiwa haikufika, sitaji mutu. Sisi tulikuwa na likelemba ya ekipe, bote tunachanga na kila mumoja anapokea kwa zamu, tukakubaliana zamu yake isifutwe. Kila mwezi zamu yake ikifika franga inaenda kwa mujane, minerval ya batoto batatu. Hata nyuma ya kupumuzishwa tuliendelea. Mutoto wa mwisho alipata diplome mwaka jana, akaleta karatasi kwa poste. Tuliipitisha mukono kwa mukono, bazee sita, kila mumoja aliipangusa kwanza mikono kwa suruali.

---

mwana_wa_Ruzizi

Mzee shikamoo, umenitoa machozi hapa Uvira.

Dada mimi naongeza jambo moja tu. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, Sange, hapa kwetu barabarani, lori la mafuta lilipinduka jioni. Watu wakaja na mabidoni kuchota, wengine walikuwa karibu tu kwenye vibanda wanaangalia mechi ya kombe la dunia, hawakuchota hata tone. Ikalipuka. Zaidi ya watu 200, wengi wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatambua. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa chini kama nyoka, unafika mbali ambapo wewe huoni mafuta kabisa, mtu anawasha sigara kule na moto unarudi mpaka kwenye lori.

Kwa hiyo yule mdogo wako akiuliza pompie anafanya nini, mwambie nusu ya kazi ni kurudisha watu nyuma. Na watu wenye njaa wakiona mafuta ya bure hawarudi kirahisi. Inahitaji mtu mwenye sauti na mwenye uvumilivu. Kijana ambaye hawezi kutukanwa bila kujibu, asiende.

---

mutoto_wa_Lushi

Papa yangu alikuwaka pompie ya usine huku Lubumbashi, fasi zenye kuko asidi na mafuru ya kuyeyusha mali. Sirene ikilia usiku sisi batoto tulikuwa tunajua kukaa kimya, mama anakaa kwa mulango mupaka arudi. Ile mutu hasemake, mudogo yako akiingia, muko munaingia bote.

Bapompie ni bamoja dunia muzima. New York, 11 mwezi ya kenda 2001, balikufwa bapompie 343 siku moja, na kati yao kulikuwa benye balikuwa kwa repo, balisikia tu bakaenda. Ufaransa, pompie karibu 8 kwa 10 ni bavolontere, mutu iko mwalimu ao fundi, bipu inalia anaacha kazi anaenda. Nasema iyi juu mudogo yako akiogopa salere, kuko namna ya kusaidia bila kuacha kutafuta kazi ingine. Lakini aulize mbele: nikiumia nani ananitunza? Aulize kwa karatasi. Papa hakuuliza.

---

yaya_wa_Cimpunda

Asanteni bote. Muzee wa lansi, nilisomea mama yako yote kwa sauti jioni, mudogo wangu alikuwa amekaa pale anasikia. Mama alinyamaza kisha akauliza "ule mwenye alikuwa anahesabu, angali anaishi?" Mudogo wangu hajabadilisha mawazo, nimeona sasa anataka zaidi.

Na mimi niko na ombi. Nataka kutafuta ule muzee nimuombe musamaha. Jina lake sijui. Ni murefu, ako na kovu hapa chini ya jicho ya kushoto, na alikuwa anakunja tuyo kwa mukono wa kushoto.

---

muzee_wa_lansi

Mwenye alikuwa anahesabu anaishi. Anakunjaka tuyo kwa mukono wa kushoto juu wa kuume uliungua kwa mulango wa ile depo, vidole viwili havikunje.

Uende kwa poste saa moja ya asubuhi, wakati ekipe zinabadilishana. Hatakumbuka jiwe, lakini atakumbuka nyumba, atakuuliza kama ule mutoto wa nyumba ya tatu alipona mikono. Umujibu hilo kwanza. Usipeleke franga, ataikataa na atakasirika. Sambaza yenye kukaanga anapenda, na pilipili. Mudogo wako umulete naye siku hiyo hiyo, avae viatu ya kufunga, tutamupatia rulo mbili za tuyo apande nazo ngazi mupaka kwenu na ashuke, kisha tumuulize tena kama angali anataka.

Mama naye akitaka kukuya, kiti iko.