Mnapinga soko la urembo kwa uso wa filta? Acheni kutuzingua

Wakuu, uvumilivu una mwisho. Kila siku ni picha ileile ya kuchorwa: mwanamke, miwani mikubwa, mdomo mwekundu, mfuko wa duka la kifahari, na maelezo marefu eti kazi "inahoji urembo na uchu wa kununua". Inahoji nini, wakati uso wenyewe umetoka kwenye filta ya simu? Filta imeshafuta vitundu vya ngozi, imekuza macho, imebana pua, imechonga kidevu. Mchoraji naye kaimulika picha hiyo kwenye kanvasi kwa projekta, kafuatisha mistari, kajaza rangi. Wanawake kumi, sura moja. Bora hata tangazo, maana lenyewe halijifanyi mwanaharakati.

Na msiniletee Warhol, yule msanii wa Marekani. Mwaka 1962 alichukua picha moja ya matangazo ya mwigizaji Marilyn Monroe, akaichapa tena na tena kwa skrini ya hariri, rangi ya mdomo na ya kope zikakaa nje ya mistari. Kinyago unakiona waziwazi. Nyie mnakisafisha mpaka kinaonekana ngozi.

Hata bila filta, simu ikishikwa karibu na uso huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Mpige mtu picha akiwa umbali wa mita 2 hivi, mwanga wa dirisha ubavuni, halafu punguza kingo za picha baadaye ubaki uso. Kwani ni kazi?

Ngozi nyeusi ndiyo inayotia hasira zaidi. Mtu anachukua kahawia ya kwenye tyubu, akitaka kivuli anatia nyeusi, akitaka mng'ao anatia nyeupe. Nyeupe ya titani inaipoza kahawia na kuifanya ya majivu, mwanamke anaonekana kama kapakwa vumbi. Anza na siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu) sehemu 2 kwa bluu ya ultramarini sehemu 1, upate giza lenye joto. Sehemu zenye mwanga zipandishe kwa oka ya njano (njano ya udongo), na wekundu kidogo kwenye mashavu na ncha ya pua. Mng'ao wa paji la uso ni mwanga wa dirisha uliorudi, kwa hiyo uwe wa bluu hafifu, safu nyembamba, mwishoni kabisa. Mboni zikae kwenye kivuli cha kope. Weupe wa jicho si nyeupe tupu, jamani.

Nembo nazo zinabandikwa nyuma kama stika. Mchoraji Mfaransa Manet, kwenye picha yake ya mwaka 1882, aliweka chupa za bia ya Bass zenye nembo ya pembetatu nyekundu juu ya kaunta ya Folies-Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, mbele ya mhudumu, ukajiuliza kama naye ni bidhaa. Nembo ile ina kazi. Ya kwenu ina kazi gani?

Halafu wapo wanaopaka lipstiki na rangi ya kucha halisi kwenye kanvasi. Lipstiki ni nta na mafuta, mara nyingi ya mbarika, ambayo hayakauki. Yatasambaa kwenye kitambaa, yatashika vumbi, na akriliki ukipitisha juu inabanduka. Vanishi haiokoi kitu. Rangi ya kucha inageuka njano na kupasuka. Mdomo chora kwa rangi ya kwinakridoni nyekundu, isiyopauka upesi, si nyekundu ya alizarini ya zamani inayopauka, wala pinki ya neoni ambayo jua linaimaliza upesi.

Anayebisha apake lipstiki kwenye kipande cha kanvasi, aiache mwezi mzima, kisha apitishe kidole. Aje hapa na picha ya kidole chake.