Vijidudu vyeupe kwenye udongo wa vipandikizi vyangu: naomba ushauri kabla sijavipoteza vyote

MamaWaridi:
Ndugu zangu wapenda mimea, salamu kwenu. Nina vipandikizi 9 vya waridi ambavyo nimevilea katika vyungu vidogo kwa wiki 5, na juzi tu nilifurahi kuona kimoja kimechipua jani. Jana jioni, nilipokuwa nikimwagilia, niliona vijidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi, vikirukaruka juu ya udongo kila vilipoguswa na maji. Leo vipandikizi viwili vimenyauka. Naomba kujua ni wadudu gani hawa na ni dawa gani itakayowamaliza kabisa, kwa maana usiku sikupata usingizi.

Jembe_Jipya:
Pole sana, dada. Mimi nilikuwa na mmea uliodumaa kwa miezi mingi, na kila siku nilikuwa nikiona sisimizi wakiingia na kutoka kwenye tundu la chini la chungu bila kujiuliza wanafuata nini. Nilipoung'oa, nilikuta mizizi imegandwa na kitu cheupe kama pamba. Walikuwa vidung'ata wa mizizini, na sisimizi walikuwa wakifuata majimaji matamu wanayoyatoa. Nilitupa udongo wote, nikaiosha mizizi na chungu, nikapanda upya. Nakushauri ufanye hivyo hivyo.

BabuUdongo:
Mwanangu, tatizo la siku hizi ni haraka. Samadi haijaoza sawasawa, mtu ameshaijaza chunguni, kisha anashangaa udongo unapotembea. Aliyekubali kungoja mboji iive hasumbuki namna hii.

Mchunguzi:
Vidung'ata hawaruki, kwa hiyo hadithi ya Jembe_Jipya, ingawa ni ya kweli, haimhusu dada huyu. Naomba anijibu mambo matatu: anamwagilia mara ngapi, visahani vya chini vina maji, na je, ameshaweka dawa yoyote?

MamaWaridi:
Namwagilia asubuhi na jioni, na visahani huwa na maji muda wote, kwa sababu nilielezwa kwamba kipandikizi kikikauka siku moja tu kimekufa.

Mchunguzi:
Swali la tatu hukulijibu.

MamaWaridi:
Nilimimina dawa ya mende kwenye vyungu viwili, kiasi kidogo tu. Ndivyo hivyo vilivyonyauka, lakini sidhani kama ni dawa, kwa kuwa wadudu walikuwepo kabla. Nimeshanunua nyingine ya shambani, kali zaidi, na nimepanga kuitumia kesho. Naomba msinilaumu. Dirisha pekee lenye mwanga liko katika chumba anacholala mwanangu wa miaka 2, nami siwezi kumwacha alale na wale wadudu weusi wenye mabawa wanaomrukia usoni.

Shuhuda:
Samahani, mimi sasa nina shaka. Mwanzo wadudu walikuwa weupe, wakirukaruka juu ya udongo. Sasa ni weusi na wana mabawa. Hakuna mdudu anayebadilika hivyo kwa siku moja. Nadhani mkasa huu umetungwa, nasi tunapoteza muda.

MamaWaridi:
Sijatunga chochote. Weusi niliwaona tangu wiki iliyopita, ila nilidhani ni mbu wadogo waliopitia dirishani.

Mchunguzi:
Ndugu Shuhuda, hakuna mgongano wowote hapo: ni wadudu wa aina mbili katika chungu kimoja, na wote wameletwa na maji yasiyokauka. Weupe wanaoruka ni kolembola. Wana urefu wa milimita 1 au 2, hula ukungu na majani yaliyooza, na hawana madhara kwa mmea wenye afya. Weusi ni inzi wadogo wa ukungu. Hawaumi, kwa hiyo mtoto yuko salama kwao. Wenye madhara ni mabuu yao, ambayo hutafuna mizizi michanga, na kipandikizi hakina mizizi mingine ya akiba.

Dada, weka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo na ukifunue baada ya siku 3. Mabuu yenye mwili wa kung'aa kama kioo na kichwa cheusi yatakuwa yamekusanyika chini yake. Mwagilia kupitia kisahani, umwage yanayobaki baada ya nusu saa, na uache sentimita 2 za juu zikauke. Mizizi iliyo chini itabaki na unyevu wake. Dawa ya shambani isifunguliwe ndani ya chumba hicho, na vyungu viwili vyenye dawa ya mende vitoke leo.

BabuUdongo:
Mwanangu, hapo msikilize. Vitoe usiku huu huu.

MamaWaridi:
Ni siku 3 sasa. Vyungu viwili nilivitoa usiku ule, na dawa ya shambani nimeifungia mbali na mtoto bila kuifungua. Nimefunua viazi: katika chungu kimoja nimehesabu mabuu 7, membamba, yanayopitisha mwanga, na vichwa vyake vinameta kama mbegu nyeusi. Weupe niliwamwagia maji kwenye bakuli, nao wanaelea na kurukia juu ya maji. Udongo wa juu umeanza kukauka. Lakini inzi bado wanaruka. Nimekosea wapi?

Mchunguzi:
Hujakosea. Kutoka yai hadi inzi ni takribani wiki 3 hadi 4, kwa hiyo hao unaowaona walishakuwa ndani ya udongo kabla hujabadilisha umwagiliaji. Weka kadi ya njano yenye gundi karibu na kila chungu ili iwanase kabla hawajataga. Tafuta pia dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya israelensis, usome maelekezo ya pakiti, na uirudie kila wiki kwa wiki 3, kwa sababu huua mabuu yanayoila tu na haiyagusi mayai wala inzi wakubwa. Kolembola waache.

Shuhuda:
Dada, niwie radhi. Hivyo vipandikizi 7 vilivyobaki vikoje?

MamaWaridi:
Vimesimama. Kile cha kwanza kimetoa jani la pili.